Fundi Aliyepima Viwiko

Katika miaka yote niliyoitumikia ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, kila fomu ilianza na mambo yaleyale: jina, jina la baba, jina la mama, kijiji cha asili, tarehe ya kuzaliwa. Katika kurasa hizi ninaviacha visanduku hivyo vitupu, na ninaviacha kwa makusudi. Mtu ninayemwandika alizaliwa mahali fulani, kama sisi sote, na hilo halikumsaidia wala kumdhuru. Watu wa Walikale na Masisi walimjua kwa neno moja tu, Fundi. Alitengeneza magobore ya wawindaji pale Ntoto, na mimi ndiye niliyeandika magobore hayo katika rejista ya leseni. Tulijuana hivyo: yeye na bunduki mbovu, mimi na kalamu.

Ninaandika kwa sababu kuna uongo unaotembea. Mwaka jana, kwenye msiba mmoja huko Mushaki, nilimsikia mtu mzima aliyevaa suti akiwaambia waombolezaji kwamba Fundi wa Ntoto "njo alitengenezea wale bantu bunduki," yaani ndiye aliyewapa silaha watu waliopita vijijini wakati wa vita. Nilisimama, nikamwomba anionyeshe ushahidi. Alisema kila mtu anajua. Kila mtu anajua! Nimestaafu, sina tena muhuri, lakini sijastaafu kuchukizwa na maneno hayo. Nitaeleza hapa chini kilichotokea, kwa kadiri ninavyokijua.

Sababu ya pili ni yangu binafsi. Bila Fundi ningekuwa nimempoteza binti yangu Furaha kwa ajili ya bunduki ya plastiki.

Nianze na kazi yake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mbao, na bunduki zote zilisimama zikitazama ukuta. Mgeni aliyegusa mojawapo na kuigeuza kidogo tu alitolewa nje bila maelezo, hata awe nani. Mimi mwenyewe nilitolewa siku ya kwanza, na barua ya msimamizi wa teritwari mkononi. Nilisimama kwenye matope nikisoma kwa sauti kifungu kinachonipa haki ya kukagua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Papa Rejista, ile karatasi iko muzuri. Sasa ingia tena, na mikono nyuma." Niliingia na mikono nyuma. Tangu siku hiyo sikuitwa tena kwa jina langu pale Ntoto.

Alikuwa na jicho moja zima. La kushoto lilikuwa na ukungu, kwa sababu ya fataki iliyomlipukia usoni ujanani. Kwa jicho lile moja aliona kutu ambayo mwenye bunduki hakuiona kwa macho mawili. Alitengeneza pia saa, vyerehani na majiko ya mafuta, na alikuwa na radio aliyoipamba kwa misumari ya shaba pembe zote nne. Lakini mteja akileta gobore lenye misumari ya shaba kwenye kitako, aliing'oa moja baada ya nyingine, akimweleza kwamba pambo ni la mtu asiyejua kulenga. Nilimuuliza kuhusu radio. Alijibu kwamba radio haiui mtu. Nikamwambia kwamba nimesikia taarifa za habari zilizokaribia kufanya hivyo, naye akacheka mpaka akaketi chini.

Aliogopa mlio. Hilo wengi hawalijui, nami nimeliona. Gobore lililotengenezwa lilipaswa kujaribiwa, na Fundi hakujaribu hata moja kwa mkono wake. Alimkabidhi mwenye gobore, akamwelekeza kwenye ukingo wa udongo, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akatia vidole masikioni na kufumba jicho lake lile zima. Baada ya mlio alirudi na kuuliza, "Imelia muzuri?" kama mtu aliyekuwa safarini. Nyama ya porini pia hakuila. Mwindaji aliyemletea paja la ngiri kwa shukrani alirudishwa nalo, akaambiwa alete maharagwe.

Sasa nifike kwenye viwiko.

Vijana wa milimani, watoto wa wakulima wa maharagwe na mihogo, walimjia wakitaka bunduki ya kwanza ili wawafukuze ngiri na nyani mashambani. Kila mmoja alikuja ameshachagua kwa macho. Alitaka ile ndefu, au ile nyeusi, au ile aliyoiona kwa mjomba wake. Fundi hakubishana. Alimwambia akunje mkono, akachukua tete kavu, akalilaza kutoka kwenye kikunjo cha kiwiko hadi pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, akalikata hapo hapo kwa kisu. Tete hilo lilikuwa urefu wa kitako kinachomfaa mtu yule na si mwingine. Kitako kirefu kuliko tete kitamnyosha shingo, na kifupi kitampiga pua. Kisha aliandika jina juu ya tete, au alimwomba mwenye kujua kuandika amwandikie, akalifunga pamoja na mengine katika mzigo uliokuwa ukining'inia juu ya mlango.

"Bunduki ya kwanza inachaguliwaka na kiwiko," alisema, "si na macho. Macho inapenda kila kintu."

Baada ya kupima alimpa kijana mpini wa shoka aushike kama anayelenga, mpaka yeye Fundi amalize chai yake. Fundi alikunywa chai kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Nilimwona kijana mmoja kutoka Mushaki, mwenye kifua kipana, ambaye alikuwa ametaka bunduki nzito kuliko zote. Kikombe kilipofika nusu, mpini ulikuwa unaonyesha kidole chake cha mguu.

"Papa, ngiri haingojake muntu anywe chai," kijana alilalamika.

"Kweli, haingojake," alisema Fundi. "Wewe njo unamungojea. Chukua ile nyepesi."

Mimi nilikataa kupimwa. Kila mwaka, nilipofika kukagua, aliinua tete na kuuliza kama leo nitakunja mkono, na kila mwaka nilijibu kwamba afisa anayeandika silaha hapaswi kuwa na kipimo cha silaha. Nilijivunia jambo hilo. Sikuwahi kushika bunduki, na nilitaka iandikwe hivyo. Tulizoea mabishano hayo kama watu wengine wanavyozoea salamu. Hata mwaka ule mvua iliponizuia kuondoka Ntoto, nikashinda mchana kutwa kwenye kiti chake mpaka usingizi ukanichukua, nilipoamka jambo la kwanza alilonifanyia ni kuniuliza kuhusu kiwiko.

Nirudi kwenye uongo wa mtu wa suti. Habari zilipofika kwamba watu wenye silaha wanapita vijijini wakikusanya magobore, Fundi alikuwa na bunduki kadhaa za wateja karakanani. Hakuzificha, maana kuficha kungefanya kijiji kichomwe. Alikaa siku nzima akitoa kinyundo kimoja kimoja, kile kipande kinachopiga fataki, akavitia vyote kwenye mfuko na kuutupa mtoni. Waliofika walichukua bunduki, wakaondoka wakifurahi. Fundi naye aliondoka kwa njia nyingine kabla hawajazijaribu. Haya sikuyaona kwa macho yangu. Nimeyasikia kwake, na kwa mwindaji mmoja aliyemsaidia kubeba mfuko, na maelezo ya wawili hao hayapingani. Fundi alipokuja kwangu kutoa taarifa, alisema, "Papa Rejista, usiandike kwamba walibeba bunduki. Bila kinyundo iko bomba tu. Andika: mabomba." Nilimweleza kwamba rejista ya leseni haina safu ya mabomba. Alinitazama kwa jicho lake moja, nikaandika mabomba.

Laiti ukurasa ule ungekuwepo leo, nisingehitaji kubishana misibani. Lakini kanuni ilisema nyaraka hazitoki ofisini, na mimi, vita ilipofika, niliitii kanuni. Nilifunga kabati, nikaondoka na ufunguo. Nyaraka zilitoka zenyewe. Baadaye, sokoni, nilinunua karanga zilizofungiwa katika mwandiko wangu. Fundi alitoka Ntoto bila tupa, bila jiliwa, hata bila ile radio, lakini alitoka na mzigo wa matete begani. Nilipomkuta Shasha, kandokando ya ziwa, akitengeneza taa na injini ndogo za wavuvi, mzigo ulikuwa unaning'inia juu ya mlango mpya. Wengi wa wenye viwiko vile walikuwa wameshakufa. Nilimuuliza anayahifadhia nini matete hayo. Alisema hajui, ila hakuna aliyekuja kumwambia ayatupe.

Furaha, mkubwa wa wanangu, ni muuguzi huko Liège, Ubelgiji. Siku moja alinipigia simu, akaniambia kwa furaha kwamba wenzake wa kazini wamemwingiza katika mchezo wa Jumamosi. Wanakwenda msituni, wanagawanyika pande mbili, wanapigana. Alitaka sasa kununua bunduki yake ya kwanza, na hakujua aanze na ipi.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

"Papa, haiko bunduki ya kweli," alisema. "Inaitwa airsoft. Inatupaka tu tuvidonge twa plastiki, tuko kama njegere."

"Kitu chenye umbo la bunduki, kinachoelekezwa kwa mwanadamu, ninakijua jina lake," nilimwambia. "Mimi sikukubeba mgongoni kutoka Mushaki tukikimbia vita ili ukacheze vita."

Furaha alijibu, "Hukunibeba, Papa. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilitembea. Ulibeba mudogo wangu."

Ilikuwa kweli. Mtu aliyeishi kwa kusahihisha rekodi za wengine alisahihishwa na mtoto wake. Nilikata simu. Alipopiga tena sikupokea, wala kesho yake, wala wiki zilizofuata. Mke wangu alizungumza naye akiwa jikoni na mlango umefungwa. Siku moja alitoka, akaniambia, "Sasa anaulizaka habari yako kama ya muntu mugonjwa. Mwezi ujao hataulizaka tena." Nilimjibu kwamba mimi ndiye niliyekosewa. Lakini usemi ule sikuusahau, maana nilijua kwamba kimya kina tabia ya kuwa cha kudumu, na kwamba Liège ni mbali.

Nilikwenda Shasha kumlalamikia Fundi. Nilitarajia kupata shahidi upande wangu. Nani angechukia mchezo wa bunduki kuliko mtu anayeziba masikio? Alinisikiliza huku akifungua kabureta. Nilipomaliza, aliuliza, "Mukono yake iko na urefu gani?"

"Urefu gani?"

"Ya mutoto yako. Muntu anataka bunduki ya kwanza, mimi naulizaka kiwiko."

Sikujua. Nilijua tarehe yake ya ubatizo, namba ya diploma yake na namba ya pasipoti yake, lakini sikujua urefu wa mkono wake. Fundi alifuta mafuta vidoleni, akanyoosha kiganja ili nimpe simu. Furaha alipopokea, akitumaini kusikia sauti yangu, alisikia hii:

"Mama, mimi sichaguliaka muntu bunduki kwa telefone. Leta kiwiko."

"Fundi, huku ni mbali."

"Ntoto pia ilikuwa mbali. Bantu walikuja."

Akanirudishia simu ikiwa tayari imezimwa, akaendelea na kabureta.

Furaha alikuja mwishoni mwa likizo yake, akashuka Minova kwa boti kutoka Bukavu, akafika Shasha kwa pikipiki na vumbi hadi kwenye nyusi. Mke wangu na mimi tulikuwa tumemtangulia. Tulisalimiana kwa adabu, kama mashahidi wa pande mbili wanaokutana kwenye korido. Fundi alikuwa amezeeka sana. Jicho lenye ukungu lilikuwa limefumba kabisa, na lile zima lilikuwa linafuata njia hiyo hiyo. Alimkalisha Furaha, akaomba aeleze, na Furaha akatoa simu yenye picha tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndefu, kama zile ambazo sote tumeziona vizuizini. Sikuweza kuitazama. Ya pili ilikuwa ya kukokwa kwa mkono kila inapotupa kidonge. Ya tatu ilikuwa fupi, ya betri, na wenzake wengi walikuwa na ya aina hiyo.

Nilidhani Fundi, mtu wa magobore, angechagua ya kukoka. Alisogeza simu karibu na pua.

"Hii ya betri, ikiharibika, nani anatengenezaka?"

"Kuna mwenzetu wa maabara. Anajua kuifungua yote. Ana vipande vyake nyumbani."

"Na hii nyeusi?"

"Ile wanasema ni ya kuagiza mbali. Lakini ni muzuri, Fundi, kweli."

"Muzuri ya nani? Bunduki ya kwanza ni ile fundi yake anakaa karibu," alisema. "Chukua ya betri. Lakini si leo. Kwanza nunua ya macho. Ile miwani ya kufunga yote, huku na huku." Aligusa kope lake lililofumba. "Mbele ya bunduki, macho. Halafu azima ya wenzako mwezi moja, mbili. Ukiona mukono haichoke, nunua."

"Miwani nimeshanunua."

"Basi hauko mujinga."

Furaha akamweleza kwamba kitako cha ile ya betri kinavutwa na kurudishwa kwa kubonyeza, kina hatua sita. Niliona uso wa mzee ukibadilika. Kazi ya maisha yake, matete yote yale, na sasa kuna kitufe.

"Na hatua yako ni ya ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Sijui, Fundi. Ninabahatisha. Shingo inaniuma."

"Ah," alisema, akachangamka. "Kitufe hakijue kiwiko."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilimwuliza binti yangu mbele ya watu wote alichokikosa katika vita ya kweli hata akaitafute ya uongo. Nilisema kwa maneno makali zaidi ya haya. Mke wangu alinivuta shati. Furaha alikuwa akitazama ziwa.

"Papa, mpaka sasa mlango ukijipiga hospitalini, ninalala chini. Wagonjwa wananiona. Jumamosi ya kwanza walinipeleka tu nitazame. Muntu akapigwa na kidonge. Akanyoosha mukono, akasema, 'Nimepigwa.' Akatoka, akaketi, akanywa chai. Halafu akarudi." Alinigeukia. "Sikuwa nimeona muntu anarudi."

Fundi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kazi tu, "Kidonge kinaachaka alama?"

"Hapana. Mara nyingi hakuna mwenye kuona. Ni wewe mwenyewe tu unajua."

"Na wanasema?"

"Wanasema. Asiyesema hawachezake naye tena."

Nilimwomba afafanue. Hakuna mwamuzi? Hakuna anayeandika? Akasema hapana. Mtu anapigwa porini, peke yake, bila shahidi, naye anainua mkono na kujitangaza. Miaka yote ya utumishi wangu nilikaa nyuma ya meza nikipokea matamko ya watu waliojificha nyuma ya miti: sina bunduki, sikuona, haikuwa mimi. Sikudhani kuna mahali popote duniani ambapo tamko la mtu dhidi yake mwenyewe ndiyo kanuni yote ya mchezo. Niliketi chini. Nilisema kwamba taarifa niliyopewa awali haikuwa kamili, na kwamba kwa msingi huo niliamua vibaya. Furaha akaniuliza kama hiyo ndiyo samahani. Nikasema ndiyo, ndiyo hiyo.

Fundi akanipa tete. "Jicho langu limechoka. Pima wewe."

Kwa hiyo mimi, niliyekataa viwiko maisha yangu yote, nilishika mkono wa binti yangu, nikaukunja na kulilaza tete kutoka kikunjoni hadi pingili ya kidole. Ngozi yake ilikuwa bado na vumbi la barabara ya Minova. Nilikata. Nikatoa kalamu na kuandika jina lake, maana kuandika kulikuwa kazi yangu daima.

Fundi alikuwa ameshusha mzigo kutoka juu ya mlango. Alipapasa matete kwa vidole moja baada ya jingine, pasipo kuyatazama, mpaka akatoa moja la zamani, la rangi ya chai, lisilokuwa na jina. Akaliweka kando ya la Furaha. La Furaha lilizidi kwa upana wa ukucha.

"Amekupita," aliniambia.

Nilisema kwamba hilo haliwezekani, kwamba sikuwahi kupimwa, na kwamba jambo hilo nililikataa rasmi, mwaka hadi mwaka.

"Ulilala kwenye kiti yangu, siku ya mvua," alisema Fundi. "Mukono ilikuwa imekunjwa yenyewe."

Furaha alicheka, akaniegemea begani, na bega langu halikusogea. Nilimkumbusha Fundi kwamba mimi si mwindaji, sina leseni, sijawahi kushika bunduki, na kwa hiyo jina langu halina nafasi katika rejista ya aina hiyo.

"Hii haiko rejista ya bunduki, Papa Rejista," alisema. "Iko ya mikono. Andika."

Kalamu ilikuwa bado wazi. Niliandika jina langu juu ya tete lile, kwa herufi kubwa, kama kanuni inavyotaka.